Maumivu Hayakai Mwilini Peke Yake

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa mradi wetu wa huduma kwa wagonjwa majumbani, mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wanaousaidia mradi. Tumeifupisha kidogo na kuongeza vichwa vidogo ili iwe rahisi kusomwa na kujadiliwa kwenye vikao. – Mhariri)



 Mwaka jana mbele yenu tulizungumzia dawa, usafiri na unga wa lishe. Leo tunaomba tuzungumzie jambo ambalo halipimwi kwa kilo wala kwa kilomita, na ambalo sisi wenyewe tulichelewa kulielewa. Ni uhusiano uliopo kati ya maumivu ya mgonjwa na hali ya moyo wake, yaani huzuni iliyozidi, ambayo wataalamu wanaiita sonona, na wasiwasi usiompa mtu nafasi ya kupumua.

Tutaanza na kosa letu wenyewe.

Wiki 11

Katika usharika mmoja wetu alikuwapo mama mjane, umri wake ukikaribia miaka 50, aliyekuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Hospitali ilimruhusu arudi nyumbani akiwa chini ya uangalizi wa wahudumu wetu. Jina lake hatulitaji, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha tumeyaacha.

Wengi wenu mnakijua kipimo chetu cha vidole. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu kidogo, na vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mama huyu kila alipoulizwa alinyoosha vidole vitano. Daktari alimwandikia morfini ya kunywa. Wiki iliyofuata, vidole vitano. Dozi ikaongezwa kwa maelekezo ya daktari. Mchana akawa anasinzia, lakini usiku haukubadilika, na asubuhi mhudumu akifika anakuta vidole vitano vilevile.

Tuseme ukweli juu ya tulichofanya. Mmoja wetu aliandika kwenye daftari la ziara kuwa mgonjwa "analalamika sana". Mwingine alisema kikaoni kwamba huenda mama ameizoea dawa na sasa anaipenda. Mtu mmoja aliyekwenda kumtembelea kwa nia njema alimshauri atubu dhambi iliyojificha ili apone. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza usiku anawaza nini.

Hali iliendelea hivyo kwa wiki 11. Kisha ikatokea wiki ambayo gari la mizigo lilichelewa na mhudumu wake hakuwa na unga wala sabuni ya kupeleka. Alikaribia kuahirisha ziara kwa kuona aibu ya kwenda mikono mitupu. Akaenda hata hivyo.

"Mwanangu, leo hukuja na mzigo?" mama akamwuliza.

"Leo sina kitu, mama. Nimekuja kukaa na wewe tu."

"Basi kaa, unisaidie kuchambua haya maharage."

Walichambua maharage kwa zaidi ya saa moja. Ndipo mama alipofungua kinywa. Kumbe shemeji yake alikuwa amekuja mara mbili kuulizia shamba aliloachiwa na mume. Kumbe binti yake wa mwisho, aliyekuwa Kidato cha Pili, hakuwa ameambiwa ugonjwa wa mama yake ni nini. Kumbe tangu siku aliyoambiwa atubu, alikuwa akihesabu maisha yake yote akitafuta ni kosa gani lililomletea kansa. Kila ilipofika saa 8 usiku moyo ulikwenda mbio, jasho likamtoka, na maumivu ya kiuno yakapanda mpaka kulipokucha. "Mchana nayaweza," alisema. "Usiku ndiyo yananimaliza."

Mhudumu alirudi na habari hizo, na kazi ikaanza upya. Msaidizi wa kisheria wa kata alikwenda akaeleza, mbele ya wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mambo yakaandikwa na kusainiwa. Mama mdogo wa binti alikuja, na pamoja na mama yake wakamweleza binti habari yote. Mchungaji alikwenda akakaa, akasikiliza zaidi ya alivyosema, akamwambia wazi kwamba ugonjwa wake si adhabu. Tabibu naye alimpima, akaona ana sonona, akamwanzishia amitriptilini ya kumeza usiku huku morfini ikiendelea.

Haukupita mwezi, mama akawa ananyoosha vidole viwili. Kuna siku alionyesha kimoja. Hatusemi maumivu yaliisha, wala hatusemi kansa ilipona. Alifariki miezi mitano baadaye, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Lakini miezi ile mitano alilala usiku.

Zile wiki 11 za mwanzo hatuwezi kumrudishia. Na jambo linalotusumbua mpaka leo ni hili: katika taarifa yetu ya robo mwaka ile, ziara zote zilizopangwa kwake zilikuwa zimefanyika. Kwenye safu ya utekelezaji tuliandika asilimia 100. Hatukudanganya. Tuliandika kile tulichokuwa tunakihesabu.

Maumivu ni nini?

Wengi wetu tulifundishwa kuyafikiria maumivu kama kengele ya mlangoni. Jeraha linabonyeza, kengele inalia kichwani. Jeraha kubwa, kelele kubwa. Mambo hayako hivyo.

Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja Mmarekani aitwaye Henry Beecher alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa vibaya huko Anzio, Italia. Aliwauliza kama wanahitaji dawa ya maumivu. Katika maandiko aliyoyatoa mwaka 1946 alieleza kwamba karibu watatu kati ya kila wanne walisema hawaihitaji. Baadaye aliwalinganisha na raia wa kawaida waliofanyiwa upasuaji hospitalini, akakuta wengi wao wanaomba dawa, ingawa vidonda vyao havikuwa vikubwa kuliko vya askari. Beecher alieleza kuwa tofauti ilitokana na maana ya jeraha. Kwa askari, jeraha lilikuwa na maana kwamba vita kwake vimekwisha na anarudi nyumbani hai. Kwa raia, lilikuwa mwanzo wa mashaka.

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa maelezo yaliyosaidia kufahamu jambo hilo. Walisema ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu kutoka mwilini hupitia hapo kabla ya kufika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe hupeleka amri chini za kulifungua zaidi au kulibana lango hilo. Tangu wakati huo elimu hii imeendelea na kurekebishwa, lakini jambo la msingi limesimama: ubongo hausubiri tu kupokea maumivu, unashiriki kuyaongeza na kuyapunguza.

Sasa fikirini mtu mwenye wasiwasi mkubwa. Misuli yake imekaza, moyo unakwenda mbio, usingizi umepotea, na akili yake yote inakilinda kidonda kama mlinzi anayengoja mwizi. Kila mchomo mdogo anausikia, na kila mchomo anauhesabu kuwa dalili ya kifo. Mtu mwenye sonona naye kemikali zilezile za ubongo zinazohusika na furaha na utulivu ndizo zinazosaidia kulibana lile lango la maumivu. Zikipungua nguvu, lango linabaki wazi. Ndiyo sababu dawa kama amitriptilini, iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, husaidia pia maumivu ya mishipa ya fahamu, tena mara nyingi kwa dozi ndogo kuliko ile ya kutibu sonona.

Njia hii ina pande mbili. Sonona huongeza maumivu, na maumivu ya muda mrefu huzaa sonona. Mtu asiyelala kwa maumivu hupoteza matumaini, na aliyepoteza matumaini huumia zaidi. Ni mduara. Tukiupiga upande mmoja tu, upande wa pili unaujenga tena.

Tahadhari moja kubwa

Tunaomba jambo hili liandikwe kwenye mihutasari ya kamati zote. Tukisema moyo unaongeza maumivu, hatusemi kwamba maumivu ni ya kujitungia. Mama yule hakuwa anaigiza. Maumivu yake yalikuwa vidole vitano vya kweli.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilifanya marekebisho ya maana ya neno maumivu. Kilieleza kuwa ni hali ya mwili na ya hisia kwa pamoja, na kwamba mtu akisema anaumia, maneno yake yaheshimiwe. Kwa hiyo mhudumu akigundua mgonjwa ana huzuni, asimpunguzie morfini hata tone moja kwa uamuzi wake. Huduma ya moyo inaongezwa juu ya dawa, haichukui nafasi ya dawa. Mtu anayetumia morfini kwa maumivu ya kansa kwa maelekezo ya daktari ni nadra kuwa mlevi wa dawa hiyo. Tunachotakiwa kukiangalia kila siku ni choo kigumu, ambacho kina dawa yake.

Nyumba ya vyumba vinne

Mtu aliyeusaidia ulimwengu kuliona jambo hili kwa upana ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, St Christopher's, huko London. Kwa kuwasikiliza wagonjwa wake alifundisha kuwa maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mtu kwa ujumla wake. Yana sehemu ya mwili, sehemu ya moyo na akili, sehemu ya jamaa na riziki, na sehemu ya roho.

Sisi kwenye mafunzo yetu tunatumia mfano wa nyumba ya vyumba vinne. Moshi ukianza chumba kimoja, nyumba nzima itakohoa. Mama yetu alikuwa na moto kwenye vyumba vyote vinne: kansa mwilini, hofu ya usiku moyoni, shamba na binti kwenye chumba cha jamaa, na hatia kwenye chumba cha roho. Sisi tulikuwa tukimwaga maji chumba kimoja.

Huduma hii, ambayo sasa tunaiita tiba shufaa, si ngeni kwetu Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, akaonyesha kuwa morfini ya maji, ya gharama nafuu, inaweza kutolewa kwa mgonjwa akiwa nyumbani kwake. Hapa kwetu Hospitali ya Selian ya KKKT, Arusha, ni miongoni mwa waliotangulia, na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika kilizinduliwa katika mji huohuo wa Arusha mwaka 2004.

Chama hicho kina kipimo chenye maswali 10, na tunaomba mwone jinsi maswali yenyewe yalivyopangwa. Swali la kwanza ni la maumivu na la pili ni la dalili nyingine. Lakini yanayofuata yanamwuliza mgonjwa kama amekuwa na wasiwasi juu ya ugonjwa wake, kama ameweza kuwaeleza ndugu au rafiki anavyojisikia, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama amepata ushauri wa kutosha wa kupanga mambo ya mbele. Matatu ya mwisho anaulizwa ndugu anayemuuguza. Katika maswali 10, mawili tu ndiyo ya mwili. Sisi kwa miaka kadhaa tulikuwa tukiuliza hilo la kwanza na kufunga daftari.

Tutaitambuaje sonona kwa mgonjwa?

Hapa kuna ugumu. Kwa mtu mwenye afya, kukosa hamu ya kula, kukonda, kuchoka na kukosa usingizi ni dalili za sonona. Kwa mgonjwa wa kansa au wa UKIMWI, hayo yanaweza kuletwa na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo tunawafundisha wahudumu waangalie zaidi yafuatayo:

(a) Je, kuna kitu kinachomfurahisha bado? Mgonjwa aliyechoka bado hutabasamu mjukuu akiingia. Mwenye sonona mara nyingi hugeukia ukutani.

(b) Je, anajiona mzigo au hana thamani, au anajilaumu kupita kiasi?

(c) Je, amekata tamaa kwa kila jambo, hata yale yasiyohusu ugonjwa?

(d) Je, usiku moyo unakwenda mbio, pumzi inabana, au anauliza swali lilelile mara nyingi hata baada ya kujibiwa?

(e) Je, amewahi kusema au kuwaza afadhali afe?

Swali hili la mwisho linatisha, na wahudumu wengi wanaliogopa wakidhani watamwingizia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Kumwuliza mtu kwa upole hakumpi wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafuu ya kulitua. Akijibu ndiyo, mhudumu asiliweke kama siri yake. Asimwache peke yake, na siku hiyohiyo amjulishe tabibu na kiongozi wake wa kikundi.

Tena tusisubiri mgonjwa atumie neno sonona. Huku kwetu watu husema "nina mawazo", "kichwa kizito", "roho haitulii", "nimechoka na haya maisha". Wengine hawasemi kabisa, wanasema tu mgongo unauma. Ni lugha ya mwili kwa jambo la moyo.

Je, mtu wa kawaida anaweza kusaidia?

Mjumbe mmoja wa kamati alituuliza, na ni swali la haki: "Sisi hatuna daktari wa akili hata mmoja wilayani. Mnatuanzishia nini?"

Jibu linatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 Dk. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza kuwafundisha bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa kujitolea. Wanakaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, wanamsikiliza, kisha wanamsaidia kuchagua tatizo moja na kutafuta hatua moja ya kulitatua. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliwafuatilia kwa miezi sita watu waliokuwa wameanza na dalili za sonona, wasiwasi na mengineyo. Kati ya waliohudumiwa na bibi hao, takriban asilimia 14 walibaki na dalili za sonona. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, takriban asilimia 50. Kabla ya hapo, mwaka 2003, utafiti wa wilaya za Rakai na Masaka, Uganda, ulionyesha kuwa vikundi vya vijijini vilivyoongozwa na wenyeji waliopata mafunzo mafupi vilipunguza sana sonona.

Kwa hiyo usharika wenye akina mama watatu wanaojua kunyamaza na kusikiliza tayari una pa kuanzia. Daktari na tabibu wanabaki na kazi yao ya kupima na kutoa dawa. Sisi tuna kazi ya kusikia na kuwapelekea habari.

Yapo pia ya kuacha. Tuna methali isemayo mgonjwa haulizwi uji, na kwa uji ni kweli, mpe tu. Lakini kwa mambo ya moyo wake mgonjwa lazima aulizwe, tena asubiriwe ajibu. Tuache kumwambia "jikaze", kwani amejikaza kuliko tunavyojua. Tuache kumwahidi kwamba atapona wakati hatujui. Tuache kabisa kumwambia aache dawa ili kuonyesha imani. Na tuache kumtafutia dhambi. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Na Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena.

Mwuguzaji

Tusimsahau anayeuguza. Mara nyingi ni binti, mke, au bibi mwenyewe mzee. Akiwa na hofu, mgonjwa anaisoma usoni mwake, na maumivu yanapanda. Akilala saa mbili mchana kwa sababu mama mmoja wa usharika amekuja kushika zamu, hiyo nayo ni tiba ya maumivu ya mgonjwa.

Kuhusu fedha na taarifa

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunawaomba wageni wetu na wenyeviti wa kamati watuvumilie.

Baada ya habari ya yule mama tulijaribu kubadili utaratibu. Tuliwaambia wahudumu wakae nyumbani kwa mgonjwa angalau saa moja badala ya dakika 15. Matokeo yake idadi ya ziara ilipungua. Kamati moja ilituuliza kwa nini wahudumu wamekuwa wavivu. Upande wa wafadhili tuliulizwa kwa nini kiashiria cha ziara kimeshuka huku bajeti ikiwa ileile. Waliouliza hawakukosea; walitumia fomu tuliyowapa sisi. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya ziara, kilo za unga na vipande vya sabuni. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mama amelala.

Kwa hiyo tunaleta maombi matatu.

Kwanza, kwa wanaotusaidia: tukubaliane kuwa kipimo cha mafanikio kiwe mabadiliko ya mgonjwa, na si hesabu ya ziara peke yake. Tutaandika vidole vya maumivu, vidole vya wasiwasi, na kama mgonjwa analala, mwanzoni na baada ya kila mwezi. Idadi ya ziara itashuka. Tunaomba isisomwe kama kushindwa.

Pili, kwa kamati za sharika: kila usharika uchague wahudumu wawili au watatu wa kusikiliza, wanaoaminika kutunza siri. Tunasisitiza siri. Habari ya mgonjwa ikisikika kisimani kesho yake, hakuna atakayefungua kinywa tena, na itatuchukua miaka kurudisha imani hiyo. Mafunzo tutayatoa sisi. Nauli na chakula cha siku za mafunzo tunaomba usharika uchangie, hata kama ni kwa mahindi na maharage.

Tatu, kwa wachungaji na wainjilisti: mtusaidie mimbarani. Mkisema hadharani kwamba huzuni iliyozidi ni ugonjwa unaotibika na si upungufu wa imani, mtakuwa mmetoa dozi ambayo sisi hatuna ruhusa ya kuiandika.

Unga hatuuachi. Mtu mwenye njaa hawezi kufarijiwa kwa maneno matupu, na dawa nyingine hazimezwi tumbo tupu. Lakini tusiufanye unga kuwa sababu ya kwenda, wala kukosa unga kuwa sababu ya kutokwenda. Siku tuliyomsaidia yule mama kuliko zote ni siku tuliyokwenda mikono mitupu.

Maswali ya kujadili kwenye kamati

1. Katika usharika wetu ni wagonjwa wangapi ambao tunajua dawa wanazomeza lakini hatujui usiku wanawaza nini?

2. Ni nani kati yetu wanaosifika kwa kusikiliza, hata kama hawana cheo chochote kanisani?

3. Ni maneno gani tumezoea kuwaambia wagonjwa ambayo huenda yanawaongezea maumivu?

4. Ni wauguzaji gani wanahitaji kupumzishwa walau siku moja kwa wiki, na zamu hiyo tutaipangaje?

Majibu yenu tutayapokea kupitia ofisi za majimbo kabla ya kikao kijacho cha robo mwaka, nasi tutaleta fomu mpya mwione na kuirekebisha pamoja nasi kabla haijaanza kutumika.